Kununua kompyuta Bariadi: Namba za kwenye boksi zina uzito gani?

WANUNUZI wa kompyuta katika mji wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu hukutana na swali lilelile linalowakabili wenzao wa Mwanza, Dar es Salaam au Nairobi. Kati ya mashine mbili zinazotumia programu endeshi tofauti, je, ile yenye namba kubwa zaidi za kasi na kumbukumbu ndiyo bora?

Jibu fupi ni kwamba namba hizo zina maana kubwa zinapolinganisha mashine mbili za jukwaa moja, na maana hiyo hupungua sana zinapotumiwa kulinganisha majukwaa mawili tofauti. Hata hivyo, zipo namba chache ambazo mnunuzi hawezi kuzipuuza, kwa kuwa zikishuka chini ya kiwango fulani mashine haitafanya kazi iliyokusudiwa, hata ikiwa mpya na ya bei kubwa.

Suala hili si la wapenzi wa teknolojia peke yao. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Shinyanga na Mwanza, unategemea sana pamba, na fedha za kaya nyingi huingia kwa msimu. Shule iliyochangisha wazazi ikanunua kompyuta 10 zisizofaa, au mwenye duka la steshenari aliyeweka faida ya mwaka mzima katika mashine moja, hapati kwa urahisi nafasi ya kurudia uamuzi wake.

Jukwaa ni nini

Jukwaa la kompyuta ni mkusanyiko wa mambo matatu yanayofanya kazi pamoja: mashine yenyewe, programu endeshi inayoiongoza, na programu za kazi zinazoweza kufungwa juu yake. Majukwaa yanayojulikana zaidi ni Windows ya kampuni ya Microsoft, macOS ya Apple, Linux yenye matoleo mengi kama Ubuntu na Linux Mint, Android inayotumika katika simu na vishikwambi, pamoja na ChromeOS ya Google.

Mtu anaponunua kompyuta huwa ananunua mambo yote matatu kwa mpigo, ingawa boksi humwonesha namba za jambo moja tu, yaani mashine. Namba hizo hutaja kasi ya prosesa kwa gigahezi, ukubwa wa kumbukumbu ya kufanyia kazi ambayo madukani huitwa RAM, ukubwa wa diski ya kuhifadhia mafaili, na wakati mwingine uwezo wa betri.

Hakuna namba kwenye boksi inayoeleza kama programu ya hesabu za duka itakubali kufunguka, kama printa iliyopo ofisini itatambuliwa, au kama mashine itaendelea kupokea masasisho ya usalama baada ya miaka mitatu. Mambo hayo yote hutokana na jukwaa.

Mkulima wa Itilima au Meatu anaelewa tofauti hii kwa urahisi. Akilinganisha trekta mbili, nguvu ya injini humsaidia kuamua. Akilinganisha trekta na maksai, nguvu peke yake haitoshi, kwani lazima aulize pia ukubwa wa shamba, upatikanaji wa dizeli, fundi na vipuri. Kompyuta nazo hufuata kanuni hiyo.

Funzo la gigahezi

Historia ya karibuni inaonesha jinsi namba moja inavyoweza kupotosha soko zima. Kuanzia mwaka 2000, kampuni ya Intel iliuza prosesa aina ya Pentium 4 iliyobuniwa ili ifikie gigahezi nyingi kadiri ilivyowezekana. Wanunuzi duniani kote walizoea kuamini kwamba gigahezi nyingi ni kasi kubwa.

Wakati huo Apple ilitumia prosesa za PowerPC, ambazo namba zake zilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2001 kampuni hiyo ilijitetea hadharani kwa hoja kwamba prosesa yenye megahezi chache inaweza kumaliza kazi mapema iwapo inafanya mambo mengi zaidi katika kila mpigo. AMD, mshindani wa Intel, nayo iliacha kutangaza megahezi za prosesa zake na kuzipa majina ya namba zilizokusudiwa kuonesha uwezo halisi.

Hatimaye Intel yenyewe iligota. Mwaka 2004 iliachana na mpango wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4, kwa kuwa prosesa hizo zilikula umeme mwingi na kutoa joto kali. Mwaka 2006 ilileta Core 2 Duo, ambayo baadhi ya matoleo yake yalikuwa chini ya gigahezi 2 na bado yaliishinda Pentium 4 yenye gigahezi zaidi ya 3.

Apple nayo haikubaki ilipokuwa. Mwaka 2005 ilitangaza kuhamia Intel, ikisema kilichoivutia ni kiasi cha kazi kinachofanywa kwa kila wati ya umeme. Mwaka 2020 ilihama tena, safari hii kwenda prosesa zake yenyewe, ikianza na M1.

Kwa hiyo, anayeambiwa dukani kwamba mashine ya gigahezi 3 ni bora kuliko ya gigahezi 2 anapaswa kwanza kuuliza prosesa hizo ni za kizazi gani na za familia gani. Kompyuta ya mtumba iliyotengenezwa mwaka 2012 inaweza kuwa na gigahezi nyingi kuliko mpya, na bado ikawa nzito zaidi katika kazi.

Kumbukumbu nayo haipimwi sawa

Hali ni hiyohiyo kwa RAM. Kishikwambi cha Android chenye gigabaiti 3 kinaweza kufungua fomu, ramani na kitabu cha kiada bila tabu, kwa sababu Android imeundwa kuzilaza programu zisizotumika. Kompyuta ya Windows 11 yenye gigabaiti 3 hata haikidhi masharti ya Microsoft, ambayo yanataka gigabaiti 4 kwa uchache.

Linux Mint huhitaji gigabaiti 2 kwa kuanzia, ingawa watengenezaji wake wanapendekeza 4. Matoleo mepesi kama Lubuntu yameandaliwa mahsusi kwa mashine dhaifu.

Namba moja, basi, inaweza kuwa shibe katika jukwaa moja na njaa katika jingine. Hata hivyo tofauti hiyo ina mpaka wake. Apple iliuza kompyuta za M1 zenye gigabaiti 8 na wengi walizisifu kwa wepesi, lakini mwaka 2024 kampuni hiyo ilipandisha kiwango cha chini cha Mac zilizokuwa sokoni hadi gigabaiti 16. Programu zikiongezeka uzito, hakuna jukwaa linaloweza kukwepa hitaji la kumbukumbu.

Daftari la wapiga kura lilivyohama jukwaa

Mfano ulio karibu zaidi na wakazi wa Simiyu ni mashine za kuandikisha wapiga kura, maarufu kama BVR. Mashine zilizotumika mwaka 2015 na katika uboreshaji wa daftari wa mwaka 2019 na 2020 zilitumia programu endeshi ya Windows, na seti moja ilikuwa na uzito wa kilo 35.

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilipoanza uboreshaji mpya wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura mkoani Kigoma, Julai 2024, ilikuja na mashine za aina nyingine. Seti mpya zilitumia vishikwambi vyenye programu endeshi ya Android, na uzito wake ulikuwa kilo 18. Zoezi hilo lilifika Simiyu Septemba mwaka huohuo.

Kwa mtazamo wa boksi, kishikwambi si mpinzani wa kompyuta ya mezani. Lakini kazi iliyokuwapo ilikuwa kupokea taarifa za mtu, kupiga picha, kuchukua alama za vidole, kutoa kadi na kuhamia kituo kingine. Kazi hiyo haihitaji prosesa kubwa. Inahitaji chombo chepesi ambacho watumishi wawili wanaweza kukipeleka mahali ambapo barabara ya lami haijafika, na ambacho hakihitaji umeme mwingi.

Kupungua kwa kilo 17 katika kila seti kuna maana kubwa kwa anayekwenda kijiji cha mbali kwa pikipiki kuliko ongezeko lolote la gigahezi. Huo ndio uamuzi wa jukwaa: kazi hutajwa kwanza, mazingira hufuata, mashine huja baadaye.

Vishikwambi vya sensa

Mfano wa pili ulianza Agosti 23, 2022, siku ya Sensa ya Watu na Makazi. Kwa mara ya kwanza nchini makarani walikusanya taarifa kwa vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi, na Serikali ilinunua zaidi ya vishikwambi 200,000 kwa kazi hiyo. Simiyu ilihesabiwa kuwa na watu 2,140,497.

Baada ya sensa, Serikali iliamua kuvielekeza vishikwambi hivyo katika elimu, na ugawaji kwa walimu wa shule za umma ulianza mwishoni mwa mwaka huo. Mashine haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kazi.

Kwa karani wa sensa, kishikwambi kilikuwa chombo kamili: fomu moja, maswali yaliyopangwa, taarifa zilizotumwa mtandao unapopatikana. Kwa mwalimu, kinafaa kusomea vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kuonesha wanafunzi picha au video, na kujaza taarifa za shule. Mwalimu huyohuyo anapotaka kuandika mtihani wa kurasa nane wenye michoro na majedwali, kisha auchapishe kwa printa ya zamani, hukosa kibodi ya kawaida na huenda printa isitambue kishikwambi chake.

Upungufu huo usingeondoka kwa kuongeza RAM. Unatokana na jukwaa kukutana na kazi ambayo halikuchaguliwa kwa ajili yake. Shule yenye vishikwambi vya kutosha kwa kusomea bado inaweza kuhitaji kompyuta moja au mbili za kibodi kwa kuandaa mitihani, na mashine hizo zinaweza kuwa za kawaida kabisa.

Mashine moja, programu tano

Jaribio lililofanyika mkoani Tanga kati ya mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2019 linaonesha jambo hilo kwa upande mwingine. Katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 katika vijiji zaidi ya 170 walipewa vishikwambi vya aina moja, Pixel C vilivyotolewa na Google, vikichajiwa kwa vituo vya umeme wa jua.

Tofauti ilikuwa ndani. Timu tano ziliandaa programu zao za kuwafundisha watoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili bila mwalimu, na kila kundi la vijiji lilipewa programu ya timu moja. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa washindi wa pamoja wa zawadi ya dola milioni 10 za Marekani, baada ya watoto waliotumia programu zao kuonesha maendeleo makubwa zaidi.

Kwa kuwa vishikwambi vilikuwa sawa, ushindi haukuweza kuelezwa kwa prosesa wala kwa RAM. Uliamuliwa na programu iliyofungwa humo na lugha iliyotumika. Mkuu wa shule anayepokea ofa ya kompyuta za msaada ana sababu ya kuuliza kwanza zina masomo gani ndani yake, na kama masomo hayo hufunguka bila intaneti.

Pale namba zinapoamua

Pamoja na hayo yote, ingekuwa makosa kusema kwamba namba hazina kazi. Zipo nne ambazo mnunuzi wa leo anatakiwa kuziangalia kwa makini kabla ya kitu kingine.

Ya kwanza ni kizazi cha prosesa. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021, iliweka masharti ambayo hayakuwahi kuwapo: kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha nane, zilizoanza kutoka mwaka 2017. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida uliwekewa ukomo wa Oktoba 2026.

Maana yake kwa soko la mitumba ni nzito. Kompyuta mpakato imara ya kizazi cha sita, yenye RAM ya kutosha na kava lisilo na mkwaruzo, haikubaliwi rasmi na Windows 11. Anayeinunua kwa sababu tu ni ya bei nafuu anapaswa kujua kwamba amenunua mashine ya Linux, hata kama siku ya kuinunua inafunguka kwa Windows.

Habari njema ni kwamba kwa Linux mashine hiyo inaweza kufanya kazi kwa miaka mingine mingi. LibreOffice huandika barua na majedwali bila malipo, na vivinjari vya Firefox na Chrome hufanya kazi kama kawaida.

Namba ya pili ni aina ya diski. Diski ya zamani ya kuzunguka ina vipande vinavyotembea, huchelewa kufungua mashine na huumia ikitikiswa. Diski ya SSD haina kipande kinachotembea. Kwa kompyuta ya ofisi, kubadili diski ya kuzunguka na kuweka SSD huleta wepesi unaoonekana kwa macho kuliko kubadili prosesa.

Ya tatu ni RAM, ikitazamwa pamoja na swali la kama inaweza kuongezwa. Katika kompyuta nyingi za mezani na baadhi ya kompyuta mpakato za Windows, fundi hufungua mfuniko na kuongeza. Katika Mac zenye prosesa za Apple, RAM imeunganishwa moja kwa moja na haiongezwi baadaye. Kwa hiyo anayenunua Mac anaamua siku ya kwanza, ilhali mwenye kompyuta ya mezani anaweza kuanza na kidogo kisha akaongeza baada ya msimu wa mauzo.

Ya nne ni muda wa masasisho. Kwa Chromebook, Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba mashine zilizotoka kuanzia 2021 zitapata masasisho kwa miaka 10 tangu aina yake ilipotoka, si tangu siku ya kununuliwa. Vishikwambi vya Android hutofautiana kwa kampuni, na vya bei ya chini huachwa mapema. Anayenunua kifaa kilichokaa dukani miaka minne amekwishapoteza miaka minne ya muda huo.

Umeme, vumbi na fundi

Katika mazingira ya Simiyu ipo namba nyingine ambayo wauzaji huitaja kwa nadra, nayo ni wati. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kutumia takriban wati 120, wakati kompyuta mpakato ikiwa katika kazi za kawaida hutumia takriban wati 30.

Shule yenye kompyuta 10 za mezani zinazowashwa saa nane kwa siku, siku 22 kwa mwezi, itatumia uniti zipatazo 211. Ikiwa na kompyuta mpakato 10 kwa muda huohuo, itatumia uniti zipatazo 53. Tofauti hiyo hulipwa kila mwezi kwa maisha yote ya mashine.

Kwa anayetegemea umeme wa jua tofauti ni kubwa zaidi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na ikitumiwa nusu ili isiharibike mapema hubaki 600. Kiasi hicho huendesha kompyuta ya mezani moja kwa saa tano, au kompyuta mpakato moja kwa saa 20, kabla ya kuhesabu umeme unaopotea katika kibadilishi.

Zaidi ya hayo, umeme wa gridi unapokatika ghafla, kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba huzimika pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Kompyuta mpakato yenye betri nzima huendelea. Mwenye steshenari anayejaza maombi ya mteja anajua kwamba dakika 20 za betri zinaweza kuwa na thamani kuliko ongezeko la kasi.

Vumbi la kiangazi nalo hupunguza namba za kwenye boksi. Feni ikijaa vumbi joto hupanda, na prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Mashine ya gigahezi 3 inaweza hivyo kufanya kazi kama ya gigahezi 2 bila mwenyewe kujua. Vishikwambi na baadhi ya kompyuta mpakato zisizo na feni huepuka tatizo hilo, na nyingine zinahitaji kusafishwa mara kwa mara.

Mwisho ni fundi. Mashine ya jukwaa lenye mafundi wengi hutengenezwa Bariadi kwenyewe. Ya jukwaa lisilozoeleka inaweza kulazimu safari ya kwenda Mwanza, kupitia Lamadi, kwa ajili ya kipuri kimoja. Hapa ndipo Windows na kompyuta za kawaida za mtumba zinapopata alama nyingi dhidi ya Mac, hata pale Mac inapokuwa na kasi kubwa zaidi na betri inayodumu.

Kazi gani, jukwaa gani

Kazi nyingi zinazowaleta wananchi katika maduka ya steshenari hufanyika ndani ya kivinjari: maombi ya ajira serikalini, maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, usajili wa kampuni na majina ya biashara BRELA, na malipo ya ushuru na leseni za halmashauri. Kwa kazi hizo programu endeshi haina uzito mkubwa. Kinachotakiwa ni kivinjari kinachosasishwa, mtandao unaoaminika, skana na printa.

Hapo kompyuta ya Linux yenye RAM ya gigabaiti 4 hadi 8 na diski ya SSD inaweza kumtosheleza mwenye duka, ilimradi athibitishe kwanza kwamba printa na skana yake vinatambuliwa. Jaribio hilo hufanywa dukani, kabla ya malipo.

Hali ni tofauti kwa anayetunza hesabu kwa programu kama Tally, ambayo imeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwake swali la jukwaa limekwisha kabla halijaanza, na namba zinarudi kuwa na maana kamili, kwa kuwa sasa analinganisha Windows na Windows.

Mpiga picha za harusi anayehariri video anahitaji prosesa yenye nguvu, RAM ya gigabaiti 16 au zaidi, na diski kubwa. Programu za Adobe hufanya kazi katika Windows na macOS, na hazina toleo la Linux. Huyu ni miongoni mwa wachache ambao kwao namba kubwa hulipa gharama yake.

Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuandika programu anaweza kutumia karibu jukwaa lolote. Lugha ya Python hupatikana bila malipo katika Windows, macOS na Linux, na mazoezi yake ya awali hayahitaji mashine kubwa. Shule zinazotekeleza mtaala mpya ulioanza Januari 2024 zitafaidika zaidi na mashine nyingi za kawaida kuliko chache za kifahari, mradi kila mwanafunzi apate muda wa kukaa kwenye kibodi.

Deni la zamani

Tanzania imewahi kulipa gharama ya kuweka mashine mbele ya kazi. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mfumo wa hesabu za Serikali uliofuata ulikumbwa na matatizo makubwa, yakiwamo uhaba wa wataalamu, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Kilichokosekana wakati ule ni watu na utaratibu wa kuifanya mashine itumike. Leo simu ya mkononi ina uwezo unaozidi kwa mbali ule wa ICT 1500, lakini chumba cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna anayejua kukiendesha kinarudia hasara ileile kwa kiwango kidogo.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwa kuzingatia hayo, mnunuzi binafsi, kamati ya shule au ofisi inaweza kufuata mpangilio ufuatao wa maswali, na kutohamia linalofuata kabla ya kupata jibu la lililotangulia.

Mosi, ni kazi gani tatu zitakazofanywa na mashine hii kila wiki? Pili, kazi hizo zinahitaji programu gani kwa jina, na programu hizo zipo katika majukwaa yapi? Tatu, printa, skana na vifaa vingine vilivyopo vinatambuliwa na jukwaa hilo?

Nne, mashine itapata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Tano, ni nani atakayeitengeneza, yuko wapi, na vipuri vinapatikana kwa njia gani? Sita, itatumia umeme kiasi gani, na umeme ukikatika kazi itakuwaje?

Saba, baada ya jukwaa kupatikana kwa maswali hayo sita, ndipo mnunuzi alinganishe kizazi cha prosesa, RAM, aina ya diski na hali ya betri kati ya mashine za jukwaa hilohilo. Kwa ya mtumba, aiwashe, aiache ikae nusu saa bila chaja, na aikague betri, kibodi na milango ya USB mbele ya muuzaji.

Akifika swali la saba akiwa na mashine mbili mkononi, na zote zimejibu vyema maswali sita ya mwanzo, basi yenye namba kubwa zaidi kwa bei anayoimudu ndiyo ya kuchukua.